Jani la Mia Tatu

Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, kwa hiyo sina akili ya kutunga mambo. Hii ninayoandika niliiona kwa macho yangu, nikiwa kwenye kiti changu hapa Kadutu, saa kumi ya mchana, mvua inapiga bati. Watu husema wafu wanakuja usiku. Wangu alikuja mchana.

Miaka yote nimeuza majani ya dawa sokoni. Mujukuu wangu Faida, niliyemulea mwenyewe, ndiye aliyenitia kwenye muchezo wa simu. Ni muchezo wa watu wengi pamoja, kila mutu na simu yake, na ndani mna misitu, nyama wakali na kazi za kuchagua. Faida alichagua kukusanya majani. Kwenye simu yangu nzee akanifungulia kibibi kidogo, akakiita Koko, vile anavyoniita mimi bibi yake.

"Koko, hii njo kazi yako. Ila huku magoti hayataumia."

Alinifundisha kama mwalimu mukali. Usipigane na nyama, wanakula wakati. Zunguka ukingo wa musitu, usikate katikati. Jina la jani likiwa la manjano, chuma, linapandisha nivo, ile hesabu ya ujuzi inayoonekana juu ya kichwa chako. Likiwa la kijivu, bonde hilo halikufai tena, hamia kilima kingine. Na usibakize hata moja, maana yakibaki, mapya yanakawia kuota.

Hapo tuligombana. Mimi nikichuma, pahali popote, naacha moja. Mama yangu alisema kila kichaka kibakiwe na mama yake.

"Uko unaachia nani, Koko? Hii jani haina hata muzizi."

Nikaendelea kuacha. Aliniita adui wa nivo, akacheka mpaka akalala chini. Yeye alikuwa amefika mia mbili sitini na nane. Alitaka mia tatu, ndiyo mwisho wa kazi ile.

Kisha homa ikamushika. Mama yake alikuwa Luberizi kwenye mavuno ya mpunga, nyumbani tulibaki wawili. Jirani aliniambia tumupeleke hospitali. Nikamujibu kwamba homa hizi nilizijua yeye hajazaliwa. Nikachemsha majani siku tatu. Siku ya nne mimi na jirani tulimubeba mugongoni kushuka njia yetu ya mawe mpaka kwenye pikipiki. Munganga wa hospitali alimuangalia, akaniuliza kitu kimoja.

"Maman, mulikuwa wapi?"

Jioni ile Faida alikufa. Alikuwa na miaka kumi na saba.

Baada ya mazishi, mama yake aliizima simu yake, akaifungia ndani ya sanduku, akaondoka na ufunguo.

Mwezi ulipita. Siku moja nikafungua ule muchezo, kwa sababu musituni hakuna mutu wa kunipa pole. Nilikuwa nazunguka ukingo, nikaona mbele yangu musichana mwenye kikapu chekundu. Juu ya kichwa chake imeandikwa: Faida wa Kadutu, 268.

Wewe ungewaza nini? Mimi niliwaza mwizi. Nikamupigia mama yake.

"Simu ya mutoto iko wapi?"

"Iko mu sanduku, Mama. Ufunguo nimeufunga kwenye kitenge changu. Unauliza ya nini?"

Nikakata. Yule musichana alikuwa anachuma. Alichuma matatu, akaacha moja. Akaenda kichaka cha pili, akachuma mawili, akaacha moja. Unanisikia? Yeye aliyenicheka. Mwizi angejulia wapi?

Akawa anakuja kila siku, saa ile ile. Mimi nyuma yake na kibibi changu, namufuata. Hesabu ilikuwa inapanda: mia mbili sabini na mbili, sabini na sita. Nilijua ikifika mia tatu hatakuwa na kazi tena musituni. Na mimi nilikuwa na neno moja la kumuambia: unisamehe. Kuna pahali pa kuandika, lakini kidole changu kinatafuta kila herufi kama jiwe ndani ya maharagi. Nikifika kwenye N, yeye tayari amevuka kilima.

Siku ya nane alikuwa amebakiza jani moja. Nikajipanga: niandike kabla hajafika. Nilikuwa nimefika UNISA nilipomuona. Alichuma, hesabu ikawa mia tatu. Halafu, kwa mara ya kwanza, akageuka akasimama mbele yangu. Simu ikaandika: Faida wa Kadutu anakupa jani. Pokea?

Nikapokea. Chini pale kuna vitufe vya maneno yaliyo tayari: salamu, ngoma, asante. Faida mwenyewe alinizoeza kwamba huku ukisaidiwa ukanyamaza, wanakuona huna adabu. Kidole kikaenda peke yake. Kibibi changu kikainama, kikasema asante.

Kwetu anayepewa jani la dawa hashukuru. Anapokea kwa mikono miwili na kunyamaza. Ukishukuru, umemuambia aliyekupa kwamba kazi imeisha, aende zake. Nimewagombeza wateja kwa kosa hilo tangu ningali kijana.

Faida akainama vile vile. Hakutembea, hakukimbia. Pakabaki nyasi. Nikatafuta jina lake kwenye orodha ya marafiki. Imeandikwa kwamba mara ya mwisho aliingia ile siku homa ilipomuanza.

Jani lake ningali nalo ndani ya kikapu cha kibibi, na ile UNISA sijaifuta. Majani ya homa siuzi tena. Mwanamuke akija na mutoto anawaka moto, ninamufukuza aende hospitali, na wengine wanasema huzuni imenigeuza kichwa. Saa kumi ninaingia musituni. Wachumaji ni wengi, wanamaliza kila kichaka.

Wewe unayesoma, homa ya mutoto usiijue kuliko munganga. Na kama kuna uliyemukosea, muombe musamaha leo, angali na kinywa cha kukugombeza. Akishakufa anaweza kurudi, nimekuambia nimeona, lakini utakuwa na neno moja mudomoni, na mukono utasema lingine.