Faili la Sengerema lilifunguka Mwanza wakati VPN imekatika

Wakuu, poleni na majukumu.

Naandika hii bado sijatulia vizuri. Sijaongeza chumvi hata punje, nimebadilisha majina ya watu tu.

Mimi nimeishia form four. Mambo ya network nimejifunzia kazini na humu humu jukwaani. Niko kwenye kituo kimoja binafsi cha afya hapa Mwanza, upande wa Buhongwa, na tuna tawi dogo Sengerema, ng'ambo ya ziwa.

Kule kuna mashine ya X-ray ila hakuna daktari wa kusoma picha. Daktari yuko huku. Ndo maana ofisi mbili zimeunganishwa kwa VPN, yaani njia yetu binafsi ndani ya internet. Lucas, mtu wa X-ray wa kule, akipiga picha anaisevu kwenye seva yao, ile kompyuta ya kuhifadhia mafaili, dokta huku anafungua folda ileile kama iko mezani kwake.

Ikiwa nzima, raha. Ikigoma, natafutwa mimi.

Sasa siku hiyo mchana ilikuja mvua ya upepo kutoka ziwani. Sengerema umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, ukarudi.

Haikupita muda Lucas akanipigia.

"Dogo, folda huko inafunguka? Nina mtu hapa kaanguka kutoka juu ya lori la pamba. Nimemfunga kola ya shingo, nimemlaza kwenye ubao. Dokta aangalie shingo haraka, maana huyu jamaa ni mbishi, anataka kukaa."

"Anaitwa nani?"

"Mabula. Mwambie dokta faili la Mabula, shingo."

Kwa wasiojua: mtu akianguka hivyo haruhusiwi hata kugeuza kichwa mpaka picha isomwe. Mfupa ukiwa umevunjika halafu ukamwinua vibaya, unaweza kumpoozesha pale pale. Au kumuua.

(Najua kuna mtu atauliza kwa nini Lucas asipige picha kioo cha kompyuta atume WhatsApp. Dokta alishakataa zamani. Ufa mwembamba wa mfupa kwenye picha ya simu hauonekani.)

Nikamwambia dokta. Akafungua mashine yake, mimi nikakaa meza ya nyuma na laptop, nikaingia kwenye ruta, kile kifaa kinachotuunganisha na kule.

VPN nyekundu. Disconnected.

Nika-ping seva ya Sengerema, yaani kuiita nione kama inaitika. Kimya.

Mimi subira sina, wakuu. Nikabonyeza connect, nikabonyeza tena, nikai-restart VPN yenyewe. Nyekundu. Namuwaza yule jamaa kwenye ubao anavyobishana na Lucas.

Mara nasikia dokta nyuma yangu:

"Safi sana kijana! Imefunguka."

Aisee nikajisikia fundi. Nikaangalia laptop yangu nione kilichosaidia ni nini.

Bado nyekundu.

Nilikuwa sijatengeneza kitu.

Nilikaa naiangalia ile nyekundu kama mjinga. Kama njia ya kwenda Sengerema imefungwa, dokta anaangalia nini?

Wakati huo dokta ameshachukua simu yake. "Lucas, shingo ya Mabula safi kabisa. Toa kola, mkalishe taratibu, mpe dawa ya maumivu."

Akakata.

Nikasema, "Dokta subiri." Hakunisikia. Nikarudia kwa nguvu. "Dokta, subiri! Hiyo picha sio ya leo."

Akanigeukia. Huyu mzee kila asubuhi namwamkia shikamoo, sijawahi kumpandishia sauti.

"We kijana wa waya, mifupa umesomea lini?"

"Mifupa sijui dokta. Ila Sengerema hatujaunganishwa. Angalia tarehe ya hilo faili."

Akasogeza mouse. Tarehe ya mwezi uliopita.

Akavua miwani.

Mimi nimeshapiga kwa Lucas. Simu inatumika. Nikapiga tena. Inaita, inaita, mpaka ikakatika yenyewe. Vidole vinateleza kwenye kioo kwa jasho. Nikapiga tena.

"Dogo niache kwanza, nina mgonjwa."

"Kola umeshatoa?"

"Nimefungua upande mmoja. Ndo namwinua."

"MLAZE! Lucas mlaze, usimguse! Dokta kaangalia picha ya mtu mwingine!"

Nikasikia simu inagonga meza, halafu sauti ya mama mmoja anauliza kitu kwa Kisukuma, anauliza tena na tena. Nadhani ni mama yake Mabula. Sikujua kama nimewahi au nimechelewa.

Halafu Lucas, kwa mbali: "Tulia kaka. Tulia hivo hivo. Sista njoo ushike kichwa."

Dokta akaniuliza taratibu, "Ya leo iko wapi?"

"Iko Sengerema dokta."

"Ilete."

Wakuu, kwa wale wa ufundi: umeme ulivyorudi kule, internet yao ilipewa IP mpya, yaani anwani mpya. Ruta ya huku ilikuwa inaendelea kugonga mlango wa zamani. Hilo tu. Sista akashika kichwa cha mgonjwa, Lucas akaenda kwenye kompyuta, akafungua ukurasa unaoonyesha IP, akanisomea. Nikakosea kuiandika kwenye ruta ya huku. Akanisomea tena, mimi narudia kwa sauti namba moja moja.

Ikawa kijani.

Nika-refresh folda ya dokta. Kulikuwa na mafaili mawili sasa. MABULA SHINGO, na MABULA SHINGO MPYA.

Ile mpya ilishuka polepole, kutoka juu kwenda chini. Fuvu. Meno. Halafu shingo.

Dokta akasogeza uso mpaka pua karibu iguse kioo. Akaweka ncha ya kalamu mahali. Mimi pale naona ukungu tu.

Akapiga simu, na safari hii aliongea chini chini kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Lucas. Mfupa wa pili wa shingo umevunjika. Rudisha kola. Asikae, asigeuke, hata kukohoa mwambie ajizuie. Naagiza gari la wagonjwa."

Mimi nikatoka nje nikatapika. Sioni aibu kusema.

Mabula alipelekwa hospitali kubwa, akawekewa vyuma. Yuko hai, vidole vya mikono na miguu anachezesha vyote. Lucas anasema bado mbishi.

Sasa kilichotokea ni nini?

Dokta alikuwa analalamika folda ni nzito kufunguka, tukamwashia Offline Files. Windows inaficha nakala za mafaili kwenye mashine yako. Network ikikatika inakufungulia ile nakala, haikwambii kitu. Kuna kialama kidogo kule chini, nani anakiangalia akiwa na haraka?

Ongezea na Lucas, ambaye anaandika jina moja na kiungo, basi. Ile picha ya mwezi uliopita ilikuwa ya Mabula mwingine. Jamani, Usukumani huku simama sokoni uite "Mabula" uone wangapi watageuka.

Offline Files nimezima. Majina sasa ni mawili, umri, na tarehe ya kupigwa picha. Dokta ameanza tena kulalamika folda nzito. Namjibu "sawa dokta", halafu siigusi.

Nilichojifunza: folda ikigoma kufunguka, huyo ni rafiki yako, anakwambia ukweli. Mimi siku zote nilikuwa naogopa ile nyekundu. Kumbe ya kuogopa ni folda inayofunguka wakati haitakiwi kufunguka.

Wenye matawi mawili au matatu, mnafanyaje? Kuna njia ya kuharakisha folda kwa VPN bila kuweka nakala? Wajuzi nisaidieni, na wa kunitukana pia karibuni.

Ila kabla hujakomenti, nenda ofisini kwako, chomoa waya wa internet, halafu fungua faili la tawi la pili.

Likifunguka, rudi hapa utuambie.