Deraya ya Ngozi

Dada yangu mkubwa hucheza mchezo wa mapanga na majitu kwenye simu, na haoni. Macho yalimzimikia mwaka jana, akaacha meza yake ya vitenge katika soko la Konyo Konyo, akahamia kwangu hapa mtaa wa Jebel. Mchezo wenyewe umetengenezwa ili hata asiyeona acheze: simu inamsomea kila kitu kwa sauti, mbio mbio, utadhani inakimbizwa. Mimi sipati hata neno. Yeye anacheka tu.

Jumapili moja baada ya ibada alinirudia na lile ombi lake: anataka kurudi sokoni, apande boda peke yake, jirani yake wa meza ampokee. Nikakataa kama kawaida. Juba hii, na mashimo haya? Hakubishana. Akanipa simu.

"Kuna jitu linalinda daraja. Chagua wewe vifaa. Ukilishinda, sikuombi tena. Ukishindwa nachagua mimi, na mimi nikilishinda, kesho naenda."

Nikakubali upesi, kwani mimi si naona? Nikaizima ile sauti, nikapekua, nikachagua deraya ya chuma inayong'aa kutoka shingoni hadi vidoleni, na rungu kubwa kuliko yote. Jitu likainua mguu, shujaa wangu bado anageuka. Kwisha habari yake. Nikasonya.

Dada akachukua simu, akairudisha sauti. Akapitia deraya moja moja, akisikiliza inakinga kiasi gani, ina uzito gani, inapunguza mwendo kiasi gani. Akarudia ya kwanza, akalinganisha upya, kichwa kimeinama vilevile kama zamani akipima kitenge kwa vidole viwili, mteja anamharakisha na yeye hana habari. Jamani, mtu huyu ana subira. Chuma chote akakiacha, akavaa ngozi nyepesi. Rungu akaliacha pia, akachukua upanga mfupi ambao mimi niliudharau kwa sababu ulifanana na kisu cha kumenyea muhogo. Jitu likapiga, hayupo. Likapiga tena, hayupo. Lilipoanguka nilijikuta napiga makofi.

"Ile yako ndiyo inayokinga kuliko zote," akaniambia taratibu. "Hapo hukukosea. Ila ukiivaa huendi popote."

Nilinuna hadi chakula cha jioni. Lakini nisiseme uongo, nilimwonea fahari, na hiyo ndiyo iliyozidi kuniudhi.

Asubuhi dereva wa boda wa mtaani kwetu akaja. Nilikuwa nimeshamwandalia dada koti la mvua, sweta, mwavuli, chupa mbili za maji na mkoba wa dawa. Akavipapasa kimoja kimoja, bila haraka, kama alivyozipitia zile deraya jana yake. Akachukua chupa moja na fimbo yake.

"Malesh, samahani mdogo wangu, usikasirike," akasema, akapanda.

Nikabaki langoni nimevikumbatia vile vingine, na mikono ikaanza kuniuma kwa ule uzito.