Hina ya Bi Mwanatumu na Mtihani wa Moyo

Bi Mwanatumu wa Langoni amewapaka hina maarusi kwa miaka arubaini na sita, na hajarudia ua hata moja. Shule aliiacha darasa la sita, lakini ukimwambia hakusoma atakuonyesha mlango.

Siku moja mjukuu wake Shifaa, ambaye roho yake yote iko kwenye udaktari, alirudi na habari: Mwalimu Nicodemus wa sayansi amefanya somo la sanaa lifutwe.

"Asema nti hii yataka madaktari, si wachora maua."

"Na hili fenesi daftarini ni la nini?"

"Ni moyo, Bibi. Ndivyo alivyouchora Mwalimu ubaoni. Ijumaa kuna mtihani, na asiyeweza kuuchora atatolewa darasa la sayansi."

Bi Mwanatumu alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Mioyo ya mbuzi aliyoipasua katika karamu za harusi haina idadi, na hakuna hata mmoja uliokuwa na miiba.

Jumatano alasiri, kwa kuwa kulikuwa na harusi mtaani, wasichana kumi na mmoja wa darasa lile, Shifaa akiwemo, walikaa kupakwa. Shifaa alikuwa akikariri somo lake kwa sauti huku bibi akimpaka. Alipotaja chumba, bibi alikichora kiganjani. Alipotaja mshipa, ulipanda kidole cha kati ukachipua majani. Wenzake kuona vile, maua wakayakataa.

"Na mimi moyo, Bi Mwanatumu! Wangu utie vishada!"

Hakuna aliyewaza kuwa hina itakuwa bado mikononi siku ya mtihani, Ijumaa.

Ilipofika, Mwalimu Nicodemus aliona viganja ishirini na viwili, kila kimoja na moyo wake. "Wizi wa mtihani huu! Kanaweni!" Walinawa kwa sabuni, kwa ndimu, hata kwa dawa ya meno. Hina ikazidi kukoza. Akawatoa nje, akamwita bibi mtu aje aifute.

Alikuja na buibui lake la harusini. "Hina yangu haifutiki, Mwalimu. Ingekuwa yafutika, ningekuwa nimefunga kazi zamani."

"Basi hawafanyi mtihani."

Shifaa akaanza kulia, na bibi yake, ambaye hajaomba radhi tangu aolewe, akameza mate. "Kosa ni langu. Wafunikeni mikono, wafanye."

Bwana Kamaludin, mkuu wa shule, akakumbuka soksi za timu ya mpira: jozi kumi na moja kamili, hazijafuliwa tangu mechi iliyopita. Kalamu zikawa zaanguka ovyo, mpaka Bi Mwanatumu alipozitoboa soksi kwenye ncha, vidole vitatu vikatoka. Bwana Kamaludin alifumba macho asione.

Wakachora. Hakukuwa na haja ya kuchungulia. Aliyekaa na mkono umenyooshwa, mstari mbichi ukimpitia ngozini polepole, hausahau ulikopita.

Mwalimu alisahihisha papo hapo, akawapa wote sifuri.

"Haifanani na wangu," alisema, akionyesha ubaoni.

Bi Mwanatumu, ambaye alikuwa bado amekaa mlangoni, alimtuma mkuu wa shule kwa Dawud muuza nyama. Moyo wa mbuzi ukaja umefungwa kwenye gazeti. Akaupasua juu ya meza ya Mwalimu.

"Huo ni wa mbuzi!" Mwalimu alilalamika.

"Na huo wako ni wa nani? Hebu tuhesabie vyumba."

Mwalimu Nicodemus alihesabu ubaoni kwa kidole, kisha akarudia. "Sita," alisema kwa sauti ndogo.

"Huu una vinne. Hivyo viwili vya wageni?"

Bwana Kamaludin alitazama nyama, akatazama ubao, akatazama karatasi ya Shifaa. "Mwalimu," alisema, "sahihisha upya."

Shifaa akabaki darasa la sayansi, ila alikatwa alama moja kwa yale majani ya mshipani. Bi Mwanatumu aliigombania alama hiyo mpaka ikaadhiniwa alasiri.

Jumatatu Bwana Kamaludin aliirudisha sanaa kwenye ratiba, na mfundishaji akawa Bi Mwanatumu. Mwalimu Nicodemus alikaa benchi la mbele. Jani lake la kwanza lilikuwa na masikio.