Ugali kwenye Maji ya Bahari

Nyumba yetu iko juu kidogo ya Lushoto mjini, mahali ambapo mwezi wa saba ukungu huingia sebuleni bila kubisha hodi na kukaa mpaka jua litakapoutoa. Ni mahali pazuri kwa kabichi, karoti na mapeasi. Si mahali pa kufugia samaki wa bahari ya joto. Hilo nililijua hata siku nilipolipandisha tangi la kioo kutoka Mombo, kona baada ya kona, nimelikumbatia kwenye kiti cha nyuma kama bwana harusi.

Nilikuwa bwana harusi kweli, ingawa wa umri ambao watu hukupongeza kwa sauti ya kukupa pole. Mke wangu ni mtu wa Tanga mjini. Tulipokuwa tunazungumzia ndoa aliniuliza swali moja tu: "Huko kwenu nikiamka asubuhi nitaona nini? Kabichi?" Nikamjibu, kwa ujasiri wa mtu aliyesomea sayansi ya siasa, kwamba nitamletea bahari. Wanasiasa huahidi makubwa zaidi ya hayo. Tofauti ni kwamba wapiga kura husahau.

Basi tukawa na tangi. Matumbawe tuliyanunua Dar es Salaam kwa mtu mwenye kibali anayeyakuza mwenyewe, vipande vidogo vilivyogundishwa kwenye mawe, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, mke na mume. Maji alikuwa akiyaleta mke wangu mwenyewe, kwenye madumu, kila alipokwenda kwao. Pampu iliyasukuma, taa iliyaangaza, na hita, ambayo ni kijiti cha kioo chenye waya ndani, iliyapasha moto. Jioni alivuta kigoda akakaa mbele yake akiwa amejifunika shuka mbili na sweta langu, akitazama matumbawe yanavyopunga vidole vyake. Nilimsikia akiongea nao wale samaki. Mimi nilizungumziwa, sikuzungumzishwa.

Mwaka huo baridi ilipoanza, dada yake alijifungua, mke wangu akashuka Tanga kumsaidia. Akasema atarudi baridi ikivunjika. Baridi ya kwetu haivunjiki. Huchoka tu yenyewe, na hakuna ajuaye lini. Nilimsindikiza stendi nikiwa na hofu ambayo sikuisema: kwamba akishazoea tena joto la kwao, kitakachomrudisha mlimani ni tangi. Mimi sikujiweka kwenye hesabu hiyo. Najijua.

Kila jioni alipiga simu. Aliwaulizia samaki kwanza, kisha matumbawe, kisha mama yangu, na salio likiruhusu, mimi.

Siku hita ilipokufa umeme ulikuwa umekatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika, ukarudi. Taa iliwaka. Pampu ilinguruma. Hita ilikaa kimya, na nilipoitoa nikaona kioo chake kimepasuka na ndani mna maji. Nilipogusa maji ya tangi yalikuwa yameanza kufanana na hewa ya nyumbani, na hewa ya nyumbani ilikuwa inafaa kuhifadhia nyama. Matumbawe yalikuwa yamekunja vidole vyote. Samaki walikuwa wamesimama pembeni, bega kwa bega, kama watu wanaosubiri kuitwa kwenye dirisha la ofisi ya serikali.

Nikampigia mke wangu. Hakupiga kelele. Alisema atamwagiza yule mtu wa Dar hita nyingine iletwe kwa basi mpaka Mombo, na mimi kwa muda huo nichemshe maji, niyatie kwenye chupa za plastiki, nizifunge vizuri na kuziacha zielee ndani ya tangi, zikipoa nibadilishe.

"Usiyatie yale maji yenyewe kwenye tangi," akasema.

"Mimi nina shahada," nikasema.

"Ndiyo maana nakwambia."

Nilichemsha, nikatumbukiza, nikabadilisha. Mama yangu, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya shamba letu la maharage, aliona moshi wa jikoni hauishi akaja kuuliza nani anazaa. Nikamweleza. Mama hajawahi kuiona bahari, na kumfuga samaki usiyemla kwake ni aina ya maradhi, tena ya wasomi. Lakini alipoinama kwenye kioo na kuwaona wale wawili wamekaa pembeni, uso wake ulibadilika. Akavua kanga ya begani akaifunika juu ya tangi.

"Hawa ni wagonjwa," akasema. "Nyumba yenye mgonjwa haikai mtu mmoja."

Akaondoka. Nikadhani amekwenda kupika.

Kwetu mgonjwa hutembelewa. Hakuna anayeuliza ugonjwa ni mkubwa kiasi gani, wala, kama nilivyokuja kugundua, mgonjwa ni wa jamii gani. Adhuhuri haijaisha, sebule yangu ilikuwa imejaa. Alikuja shangazi. Walikuja akina mama wawili wa jirani, mmoja na mtoto mgongoni. Alikuja mzee mwenye shamba la kabichi upande wa juu, ambaye tangu mvua za masika tulikuwa hatusalimiani vizuri kwa sababu ya mfereji, na alikuja na jiko la mkaa limeshakolea, amelishika kwa matambara. Kila mtu aliingia, akasalimia kwa Kishambaa, akaenda kwenye tangi, akainama, akatikisa kichwa, akakaa.

"Walianza lini, mwalimu?" mzee akaniuliza. Nafundisha chuo hapa mjini na jina hilo halinitoki.

"Asubuhi."

"Wanakohoa?"

"Hawakohoi, mzee."

"Hiyo afadhali."

Nilifungua dirisha kidogo kwa ajili ya moshi wa mkaa, maana nimesoma mambo ya moshi wa mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Mama akanitazama kwa muda mrefu.

"Anawasha moto, kisha anafungua dirisha," akawaambia wenzake. "Tulimpeleka chuo kikuu."

Wakacheka, nami nikachungulia kipimajoto ili nisionekane nimesikia. Nikachungulia tena. Kilikuwa kimepanda. Chupa zangu zilikuwa zimefanya kazi asubuhi nzima kukizuia kisishuke. Sasa mkaa, chai na pumzi za watu waliovaa makoti mawili mawili vilikuwa vinakipandisha. Sikuwaambia. Niliogopa mtu angejiona amemaliza kazi akaondoka. Badala yake niliongeza tangawizi kwenye chai, na wao, kwa heshima ya wagonjwa, wakakaa. Usiku zamu ilishikwa na mama na shangazi, waliolala kwenye makochi na kukoroma vizuri tu.

Asubuhi matumbawe yalikuwa yamefungua vidole viwili vitatu. Nilitaka kushangilia. Kisha nikaona maji yamekuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele, na yananuka.

Niliingiza mkono nyuma ya mawe. Nikatoa tonge la ugali. Nikaingiza tena, nikatoa gimbi lililochemshwa, limeumwa upande mmoja. Chini, kwenye mchanga, palikuwa na maharage na mahindi, yaani makande, na kitu ambacho baadaye mzee wa kabichi alikitambua kuwa ni andazi lake.

"Mama," nikasema, "nani amewapa samaki chakula?"

"Sisi," akasema mama, bila kuacha kufunga kanga. "Ulitaka tuje kumwona mgonjwa mikono mitupu?"

"Lakini hawali ugali."

"Ndiyo, walikataa. Mgonjwa hukataa. Unambembeleza."

"Wewe ulimbembeleza samaki?"

"Shangazi yako alimwimbia."

Shangazi akathibitisha kwa kichwa. Hakuona haja ya kueleza.

Nilichojua ni hiki: chakula kikioza ndani ya maji yale hutoa sumu, na sumu hiyo huwaua samaki upesi kuliko baridi. Dawa yake ni kutoa maji mabaya na kutia mazuri, na mazuri lazima yawe ya bahari. Dumu la akiba lilikuwa moja, tena nusu. Nikalitia lote, na hali ikawa bora kwa kiasi cha kuniwezesha kuona vizuri zaidi jinsi ilivyo mbaya. Yule samaki dume alikuwa amelala ubavu mchangani, anapumua kwa haraka. Jike alikuwa amesimama juu yake.

Nikapiga simu Tanga.

"Joto limepanda," nikaanza, maana mtu huanza na mazuri.

"Na nini kimeshuka?"

"Maji yamechafuka. Kuna ugali."

"Ugali wa nini?"

"Wa mahindi."

"Najua ugali ni wa mahindi. Nauliza nani kawapa samaki wangu ugali."

"Mama."

Nilimsikia akivuta pumzi, akaitoa. Mkwe ni mkwe.

"Mwambie nashukuru," akasema. "Mwambie akae hapo hapo na moto wake, ila wasile karibu na tangi. Mimi nakuja."

"Baridi haijavunjika."

"Waniona mimi naiuliza baridi?"

Alikuja siku ile ile. Baadaye alinisimulia jinsi utingo alivyoyakataa madumu, akidhani ni mafuta ya taa.

"Maji," akamwambia.

"Maji ya nini?"

"Ya bahari."

"Kwani Lushoto hakuna maji, dada? Milima yote ile inamwaga maji mpaka yanatukatia barabara."

Akamfungulia dumu moja aonje. Utingo alionja, akatema, akayapakia madumu yote, na njia nzima akawa anamtazama kwa kumwonea huruma. Mombo akachukua hita kutoka kwenye basi la Dar, akaifunga kifuani kwa kitenge kama mtoto mchanga, wakapanda.

Bajaji ilipomshusha mlangoni, nilitoka nikabeba madumu mawili na kukimbilia ndani. Nilitegemea ataingia akikimbia vilevile. Lakini sebuleni kulikuwa na watu wazima wamekaa. Mke wangu alisimama kizingitini, akavua viatu, akaingia kwa mwendo wa adabu. Akaanza na mama: "Shikamoo, mama." Akaitikiwa, akaulizwa habari za Tanga, za mama yake, za mtoto mchanga, kafanana na nani. Akajibu yote. Akaenda kwa shangazi. Shikamoo. Marahaba, na huko baridi vipi, hakuna? Akaenda kwa mzee wa kabichi, akapokea marahaba yake na maelezo mafupi ya jinsi andazi lilivyotiwa kwa nia njema. Muda wote huo tangi lilikuwa nyuma yake, na hakugeuka hata mara moja. Niliona tu vidole vyake vya miguu vimejikunja kwenye mkeka, kama matumbawe yale.

Alipomaliza kumsalimia mtu wa mwisho, ndipo akageuka, akapiga magoti mbele ya kioo.

"Yuko hai," akasema.

Tulifanya kazi hiyo pamoja. Yeye alifyonza maji machafu kwa mpira mpaka kwenye ndoo, akiokota punje za makande moja moja. Mimi niliyapasha madumu kwa kuyasimamisha kwenye beseni la maji ya moto, kisha nikammiminia polepole alivyoniagiza. Hita mpya aliitumbukiza mwenyewe. Mama alisogea, akachovya kidole kwenye ndoo ya maji safi, akalamba. Akasimama hivyo kwa muda, kidole bado mdomoni.

"Ni chumvi kweli," akasema. "Nilidhani watu husema tu."

Kubadilisha maji mara moja hakukutosha. Kwa siku kadhaa shemeji yangu mmoja aliyeko Tanga alikuwa akituma madumu kwa utingo yule yule, ambaye sasa aliyapokea bila kuonja. Dume alisimama, akaogelea upande, kisha wima. Jike akaanza kumfukuza kwenye kona yake, na mke wangu akasema hiyo ni dalili ya ndoa nzima. Tumbawe kubwa, lile alilolipenda zaidi, lilikuwa limebaki jeupe upande mmoja kama mfupa, na upande huo haujarudi mpaka leo. Mengine yalifungua. Yule mzee naye tulichimba mfereji upya pamoja, ingawa kila tukikutana huniuliza wagonjwa wameamkaje kabla hajaniuliza mimi.

Wageni waliacha kuja mmoja mmoja, kama ilivyo desturi mgonjwa akipata nafuu. Mama hakuacha. Jioni huvuka shamba la maharage na bakuli lake la makande, hukaa kwenye kigoda mbele ya tangi, hulinyanyua bakuli mpaka usawa wa kioo ili samaki walione, kisha hula mwenyewe, taratibu. Anasema si vizuri kula mbele ya mtu bila kumkaribisha. Mke wangu humtengea chai, hukaa karibu naye amejifunika shuka zake mbili, na hayaondoi macho kwenye kijiko.

Jioni moja, ukungu umeshuka mpaka huoni mchongoma wa uani, nikamuuliza kama atashuka tena Tanga kumalizia msimu wa baridi. Nilimuuliza kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa.

"Nani atawaangalia samaki?" akasema.

"Mimi nipo. Hita ni mpya. Mama naye yupo."

Mama alikuwa amelinyanyua bakuli.

"Nimeuliza," mke wangu akasema kwa sauti ya chini, ya heshima, "nani atawaangalia."

Nikaenda kumletea sweta langu.