Chujio la Boti ya Zimamoto

Nilinusurika kwenye moto wa nyumba mtaani Sparkbrook, huku ughaibuni, ndiyo maana nilijitolea kutunza ile boti kuukuu ya zimamoto kwenye mfereji wa Hockley. Kila Jumamosi nilisugua pampu yake mpaka ikang'aa.

Siku ya maonyesho, mwenyekiti wa kikundi chetu cha kujitolea, Mkenya mwenzangu, aliondoa chujio la bomba la kuvuta maji ili maji yaruke juu zaidi kwenye picha.

Nikamwambia, "Mzee, mfereji huu ni jaa la taka."

"Tulia, dada. Ni dakika moja tu."

Pampu ikameza nepi na mzoga wa panya, ikakoroma, ikapasuka. Uvundo ukatumwagikia sote. Yeye akajifuta suti, akawaambia wageni boti imezeeka.

Boti haikufa kwa uzee. Ameiua yeye, na bado ni mwenyekiti.