Tausi na Mafiga Tatu ya Koko

Mwezi iliyopita mutoto wangu wa kwanza alifika hapa Sake na pikipiki, nyuma amefunga kitunga kikubwa, na ndani ya kitunga kulikuwa kintu inapumua. Akafungua kidogo, nikaona shingo ya buluu. Nikakaa chini. Tausi. Mimi niko muzee sasa, meno inahesabika, lakini nilicheka sawa musichana.

"Mama," akaniambia, "nataka atembee bure mu uwanja, sawa kuku. Tutafanya aje asikimbie?"

Alizania ananiletea kintu sijaona. Rafiki, vuta kiti. Nilisoma paka mwaka ya tatu ya primeri tu, kwa hiyo nikipotea njia mu hii habari univumilie, nitarudi.

Kwetu ilikuwa kule juu, mu milima ya Masisi, ukungu inaingia mu nyumba bila kubisha hodi. Asubuhi ilinuka maziwa na moshi ya mikaratusi. Tulikula viazi na maharagi, majani ya lengalenga siku zingine, na kipande ya fromaje, jibini ya kwetu, kama wachungaji wa ngombe wana roho nzuri. Hii fromaje ya siku hizi inauzishwa ku barabara haifikie ile, lakini tuache. Nililelewa na Koko, mama ya mama yangu, mwanamuke mufupi, mukono yake ngumu sawa mupini ya jembe. Wamama wa kilima yote walizaa mu ile mikono.

Karibu na sisi alikaa muchuuzi mumoja wa Butembo, tulimuita Papa Butike. Muke yake alizaa kwa Koko siku mvua ilikata njia, na Papa Butike hakusahau. Siku moja anarudi safari, anashusha ku lori yake tausi. Muzungu mumoja wa shamba ya ngombe alikuwa anahama, akamuachia.

"Mama, hii ni ya mikono yako," akasema.

Koko akazunguka ile ndege pole pole. "Huyu amevaa sawa bwana arusi. Anakula nini, sabuni?"

"Anakula yote, Mama. Ila anakimbia. Kama hajazoea wakati nitarudi safari ingine, nitamupeleka Goma, kuko hoteli inamutaka."

Nilikuwa na miaka munane, na sikukuwa hata na kintu moja yenye watoto wengine hawana. Nikasema mu roho, huyu haendi hoteli.

Sasa sikia. Kwetu kuku mugeni haachiwi hivi hivi. Unamubeba, unamuzungusha mafiga, yale majiwe tatu ya kupikia, mara tatu, unamuambia: hapa njo kwako, moshi yako ni hii, usitafute ingine. Kisha unangoa nyoya moja, unaichomeka mu nyasi ya paa ya jikoni, juu ya moto. Kuku akitoka, anarudi. Sijui juu ya nini. Koko naye hakujua, alifanya tu, na mama yake alifanya.

Lakini tausi si kuku. Koko alimukumbata, mimi nikashika mukia nyuma, sawa wale watoto wanabeba nguo ya bibi arusi. Jiko ilikuwa ndogo. Muzunguko ya kwanza mukia ikapindua chungu ya maharagi. Ya pili mukia ikapita mu moto, ikanuka sawa nywele. Ya tatu tulikuwa tunakohoa wote wawili, na tausi ananyamaza tu, nazani ni haya. Koko akatafuta nyoya ya kungoa, akachagua ile ndefu kabisa, yenye jicho.

"Koko, ngoa kadogo," nikalia.

"Ukimudanganya na kadogo, atarudi nusu."

Mu nyumba ya kuku mukia ilikataa kuingia, kichwa kinalala ndani, mukia inanyeshewa inje. Tukamulaza jikoni, muguu imefungwa na kipande ya kitenge ku muti ya ukuta, pembeni ya jiwe ya tatu. Akakaa pale wiki na wiki. Nilimuokotea kumbikumbi, nikamuvunjia mahindi, na kila mara nilipiga mukebe ya maziwa ya unga ili azoee sauti. Buluu yake ikawa nyeusi sawa matako ya sufuria. Na asubuhi moja akafungua kinywa. Rafiki, ile ndege inalia sawa mutu wanamuchinja. Majirani wakatoka na mapanga, mwalimu wa shule yetu alifika mbele ya wote na kiatu moja, anauliza nani anaua mutoto wake. Koko alikuwa mulangoni, tausi ku mukono.

"Ni mugeni wangu," akasema. "Anaomba chai."

Kisha habari ikafika: Papa Butike iko njiani, kesho ao kesho kutwa. Koko akashika kisu. "Tumufungue leo. Akirudi, ni wetu. Akienda, ameenda na mabawa yake, si na lori."

Akakata kitenge. Tausi akatoka, akajikunguta, masizi ikaruka. Akaangalia kushoto, kulia, halafu akapanda ku mabati ya mwalimu, akateleza, akaruka tena paka juu kabisa ya mukaratusi, kule unaona bonde yote na ngombe sawa mbegu. Nikapiga mukebe. Nikapiga paka mukono ikauma. Watu wakajaa.

"Mu kitabu wanasema ndege hii inatoka Inde, inchi ya Wahindi, mbali sana," mwalimu akatuelezea.

"Basi umusomee hiyo kitabu ashuke," Koko akamujibu, na watu wakacheka, miye pekee sikucheka. Waliniita kula, sikuenda. Kisha ukungu ikapanda kutoka bonde, ikameza muti, na tausi ndani yake.

Koko aliacha muchezo. Akaingia jikoni, akatia mukaratusi mubichi ku moto, moshi ikatoka mu nyasi yote, ungesema nyumba inaungua. Akaniita nikae. Tukakaa, machozi inatoka, sijui ya moshi, sijui ya nini. Na njo nikasikia miguu. Akaingia kwa mulango, anatembea sawa mwenye nyumba, amelowana, buluu imerudi. Akapita mukebe yangu hata bila kuiangalia, akalala ku jiwe ya tatu. Koko akasogeza chungu kidogo amupe nafasi.

Kesho yake Papa Butike alimukuta anafukuza mbuzi mu uwanja. "Mama, umemufunga na nini?" Koko akaonyesha tu ile nyoya juu ya moto.

Basi mutoto wangu aliposikia hayo yote, akaleta mbabula yetu, jiko ya chuma ya kuwasha makala. "Mama, tumuzungushe." Nikakataa. Hiyo mbabula tumekimbia vita nayo ku kichwa mara ngapi? Ndege akizoea mbabula, atazoea kuhama. Nikamutuma kule juu, na pikipiki yake, atafute mafiga ya Koko. Alirudi jioni. Jiko hakuna, mukaratusi walikata, ngombe ya watu inakula majani pale tulizika Koko. Mafiga alipata mbili, nyeusi bado. Ya tatu hakuna, labda iko mu ukuta ya mutu.

Ya tatu nimeokota hapa Sake, jiwe ya volkano, nyepesi sawa mukate, na mashimo mengi. Tulimuzungusha siku ile ile, mutoto wangu na ndevu yake nyuma, anashika mukia. Nyoya niliyongoa ni ile yenye jicho. Nyasi hatuna, ni mabati, nimeichomeka ku tundu ya musumari.

Wiki tatu imepita. Kesho tunamufungua. Kuni mubichi iko tayari, pembeni ya mulango.