Blanketi la Wageni Nililomzika Nalo Mama

Admin, naomba unifiche jina, maana huku kwetu Simiyu watu wanajuana. Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, mjane, mtumishi wa halmashauri upande wa kilimo. Matusi nayategemea, ila someni mpaka mwisho ndipo mnitukane.

Mwaka jana walikuja wageni wa serikali ya nchi moja ya nje kuangalia mashamba ya pamba kule Dutwa. Bosi wangu alikuwa safarini, nikawapokea mimi. Wakati wa kuagana mkuu wao akanikabidhi blanketi la sufu, jeupe, zito, limetariziwa nembo ya serikali yao. Tukapigwa picha. Utaratibu naujua, semina nimekaa: zawadi ya serikali ya nje si yako, ni ya ofisi. Unaiandika kwenye rejista, unaikabidhi stoo. Nikasema nitaandika Jumatatu.

Wikiendi ile nikaenda kijijini kwetu Kalemela kumwona mama. Alikuwa anaumwa, anatetemeka baridi saa saba mchana, jua linawaka nje. Nikamfunika nalo. Nikajisemea akipata nafuu nitalirudisha. Mama akalipapasa, akauliza, "Umeninunulia hili?" Nikajibu ndiyo. Jamani, uongo mdogo tu wa kumfurahisha mgonjwa! Kila aliyekuja kumjulia hali alionyeshwa. "Mwanangu kaninunulia."

Hakupata nafuu. Wiki ya tatu akafariki. Wanawake walipomaliza kumwosha, shangazi yangu mkubwa akasema marehemu aliacha neno azikwe na blanketi la binti yake. Wote wakanigeukia mimi. Ningesema nini? Kwamba si langu, nimemdanganya mama mpaka amekufa? Nikainamisha kichwa. Wakamviringisha, ile nembo ikaja juu, kifuani. Niliiangalia mpaka jeneza likafungwa.

Mwezi uliopita ikaja barua kwamba wageni wanarudi, na zile picha wametuma. Bosi akaniita. "Zawadi iko wapi? Kwenye rejista haipo." Nikajikuta nimejibu, "Nilimpa dereva apeleke stoo." Huyo dereva ni mtu mzima, miaka tisa tuko naye, hajawahi kuondoka hata na kalamu ya ofisi. Wamemsimamisha kazi.

Nilidhani atakataa, tugombane, nipate na mimi sababu ya kumchukia. Wapi! Alikuja nyumbani, akanisalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu", maana ananiita mama kwa heshima tu, akakaa kwenye ngazi. Akasema, "Mayu, nisaidie kukumbuka. Ulinipa tukiwa wapi? Siku ile nilibeba vitu vingi, labda nililiacha mahali." Amepekua gari lote. Amerudi mpaka Dutwa kuuliza duka kwa duka. Mkewe anasema siku hizi anasimama tu katikati ya chumba, anajigonga kichwa, anasema kimeanza kuzeeka. Mimi ndiye niliyemfanya asijiamini mtu mwenye akili zake timamu.

Na mama haniachi. Nikijilaza tu baada ya kazi namwona ameketi, analikunja lile blanketi taratibu, ananinyooshea nilichukue. Naogopa kufumba macho, naogopa hata kwenda Kalemela. Kaka zangu hawajui lolote. Nikisema ukweli kazi imeondoka. Halafu nawaza, ofisi ikitaka mali yake, je, watafukua?

Kamati ya nidhamu inakaa Alhamisi kumjadili dereva. Jana dereva amekuja tena, ameleta karatasi aliyoiandika kwa mkono wake na kuisaini, kwamba yeye ndiye aliyelipoteza na mimi nisisumbuliwe. "Wewe una watoto wanasoma, mayu. Mimi nitalima." Akaniomba msamaha. Mimi! Nikaipokea, Mungu anisamehe, iko kwenye pochi yangu hapa ninapoandika.

Ndugu zangu, nishaurini leo, msingoje Alhamisi. Niipeleke hiyo karatasi, au niwaambie mama yangu kazikwa na nini?